Ijumaa Tatu za Mwaka 2016

Titanfall 2 ni mchezo wa video uliotoka Ijumaa ya tarehe 28 Oktoba 2016. Mazungumzo ya jioni hii, hapa Kolwezi, ni ya mchezo huo. Ulitengenezwa kwa ustadi, ukasifiwa na wakosoaji karibu wote, na bado ukanunuliwa na watu wachache kuliko wenye mchezo walivyotarajia. Waliotafuta sababu hawakupata kasoro kubwa ndani ya mchezo. Kila walipochimba waligonga mwamba uleule: tarehe ya kuutoa.

Sasa, mambo ya wacheza michezo wa Marekani yanatafuta nini kwenye redio ya mji wa shaba na kobalti? Swali ni halali. Mkoa wetu wa Lualaba unalo tukio lake la namna hiyo, la mwaka 2023, na mazungumzo yatafika huko. Lakini kwanza mchezo wenyewe, tangu chimbuko lake.

Karakana iliyoubuni inaitwa Respawn Entertainment, ya California. Ilianzishwa mwaka 2010 na Vince Zampella na Jason West, wakuu wawili waliokuwa wamefukuzwa mwaka huohuo na kampuni ya Activision. Kabla ya kufukuzwa walikuwa wakiongoza Infinity Ward, mahali ulipozaliwa mchezo wa vita wa Call of Duty mwaka 2003. Wafanyakazi wengi wa zamani wakaondoka na kuwafuata. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Respawn ilikuwa na kesi ya kifamilia na Call of Duty. Mtoto waliyemzaa alikuwa amebaki kwa watu wengine, na kila Novemba alikuwa akiwaletea hao wengine mamilioni ya dola.

Aliyewachukua akawa Electronic Arts, au EA kwa kifupi. Vijana wa Kolwezi wanaijua kampuni hiyo hata kama hawaitaji jina, maana ndiyo iliyokuwa ikitoa FIFA, ule mpira wa kwenye PlayStation unaowagombanisha vijana juu ya nani ashike maneti ya kuchezea na nani asubiri. Mgawanyo wa kazi kati ya hao wawili unafaa kushikwa vizuri. Respawn ilitengeneza mchezo. EA ilitoa fedha, ikatangaza, ikapeleka madukani. Na anayelipa matangazo na kupeleka bidhaa madukani ana sauti nzito juu ya siku ya kuuza. Hilo litarudi mbele.

Sehemu ya kwanza, Titanfall, ilitoka tarehe 11 Machi 2014. Jina lenyewe lina maana ya kuanguka kwa jitu. Mchezaji ni rubani mwepesi anayekimbia juu ya kuta kama mjusi na kuruka juu ya mapaa, na baada ya muda fulani anaita jitu lake la chuma, lenye kimo cha nyumba ya ghorofa, linadondoka kutoka angani na kutikisa ardhi, naye anapanda ndani yake. Wazo lilikuwa jipya na la kusisimua. Machi nao ni mwezi mtulivu katika biashara hiyo, wapinzani wakubwa hawapo, na Titanfall ikaongoza mauzo ya michezo Marekani mwezi huo. Tarehe hiyo ya Machi ikumbukwe.

Hata hivyo sehemu ya kwanza ilikuwa na upungufu wa aina mbili. Haikuwa na hadithi ya kucheza peke yako. Kila kitu kilikuwa mapambano na watu wengine kupitia intaneti. Tena ilitoka kwenye mashine za Microsoft tu, yaani Xbox na kompyuta za Windows. Wenye PlayStation 4, ambao duniani walikuwa wengi kuliko wenye Xbox One, hawakuigusa kabisa. Ilipofika zamu ya sehemu ya pili, Respawn ilikuwa na deni la kulipa pande zote mbili, na ililipa.

Ililipaje? Kwanza mchezo ulitoka kwenye PlayStation 4 pia. Pili, ulipewa hadithi. Askari wa kawaida, Jack Cooper, anarithi jitu la chuma liitwalo BT-7274 baada ya rubani wake kuuawa vitani, na wawili hao wanalazimika kuaminiana. Jitu linaongea kwa utaratibu wa mashine, bila mzaha, na kwa sababu hiyohiyo linachekesha. Mazingira ya hadithi yenyewe ni ya kuvutia kwa msikilizaji wa Lualaba: kampuni kubwa iitwayo IMC imefika kwenye sayari za mbali kuchota maliasili zake, na wakaazi wa huko, waliokuwa wakiishi kwa jasho lao, wameshika silaha. Waandishi wake bila shaka hawakuwa na Kolwezi kichwani. Ila mtu aliyekulia pembeni ya uzio wa mgodi hahitaji kuelezwa mara mbili nani ni nani katika kisa hicho.

Ustadi wa mchezo unaonekana zaidi katika jinsi kila hatua inavyoleta mbinu mpya, inaichezea mpaka tamu yake ionekane, kisha inaiacha kabla haijachosha. Kuna hatua inayopita ndani ya kiwanda kinachojenga nyumba nzima juu ya mikanda inayotembea: kuta zinasimamishwa, sakafu inageuka kuwa ukuta, na Cooper anarukaruka katikati ya mitambo. Kuna nyingine inayoitwa Effect and Cause, yaani Tokeo na Sababu. Hapo mchezaji anavaa kifaa mkononi kinachomrusha kati ya wakati wa sasa, jengo likiwa gofu lililoungua, na wakati uliopita, jengo hilohilo likiwa zima na walinzi wake wamesimama. Anaruka kutoka ukuta uliopo leo hadi ukuta uliokuwepo zamani, akiwa bado hewani. Wakosoaji wengi waliitaja hatua hiyo miongoni mwa bora kabisa katika michezo ya vita. Ni ajabu kidogo kwamba watu waliouchezea wakati kwa ufundi namna hiyo ndani ya mchezo, nje ya mchezo wakati ndio uliowaangusha.

Mwisho wa mwaka huo Titanfall 2 iliteuliwa kugombea tuzo ya mchezo wa mwaka katika The Game Awards, pamoja na Doom, Inside, Uncharted 4 na Overwatch, na Overwatch ndiyo iliyoshinda. Kwa hiyo suala la ubora linaweza kufungwa hapo. Tufungue kalenda.

Oktoba 2016, Ijumaa ya tarehe 21, ulitoka mchezo wa Battlefield 1, wa vita vya kwanza vya dunia. Ijumaa iliyofuata, tarehe 28, ikatoka Titanfall 2. Ijumaa ya tatu, tarehe 4 Novemba, ikatoka Call of Duty: Infinite Warfare. Ijumaa tatu zilizofuatana, na michezo mitatu ya kufyatua risasi, yote ikitaka mnunuzi yuleyule, na kila mmoja ukiuzwa kwa bei kamili ya mchezo mpya, dola 60 hivi. Kana kwamba hiyo haitoshi, siku ileile ya tarehe 28 lilitoka toleo lililosafishwa upya la Skyrim, mchezo uliokuwa na wapenzi wengi tangu 2011. Na Overwatch ilikuwa tayari imewashika wachezaji wa intaneti tangu mwezi Mei.

Msikilizaji anaweza kusema kwamba soko ndivyo lilivyo, wapinzani hawakuulizi siku yako ya kuuza. Ni kweli kwa Call of Duty, ambayo ni ya Activision. Lakini Battlefield 1 ilikuwa ya nani? Ya EA. Kampuni ileile iliyokuwa ikitangaza na kusambaza Titanfall 2. Mchezo huu ulitanguliwa na ndugu yake wa nyumba moja kwa siku saba, ukafuatwa na adui wa jirani kwa siku saba nyingine.

Tofauti kati ya ndugu hao wawili ni muhimu. Battlefield ilitengenezwa na DICE ya Uswidi, ambayo EA ilikuwa inaimiliki moja kwa moja. Respawn wakati huo ilikuwa bado inajitegemea, ikiuza kupitia EA. Mmoja ni mtoto wa kuzaa, mwingine ni mtoto wa kulea. Haifai kudai kwamba mtoto wa kulea alitolewa kafara makusudi, kwa sababu kampuni ilikuwa na hoja yake, na hoja hiyo ilisemwa wazi mbele ya wawekezaji. Ilikuwa hivi: wapo wachezaji wanaopenda vita vikubwa vya magari, farasi na vikosi, hao watachukua Battlefield, wapo wanaopenda kasi na wepesi, hao watachukua Titanfall, na wapo wapenda risasi tu, hao watanunua vyote viwili. Kwa njia hiyo Call of Duty ingebanwa pande mbili.

Hoja hiyo si ya kijinga, na mwaka ule ilikuwa na nguvu zaidi. Infinite Warfare ilipotangazwa mwezi Mei, video yake ya kwanza ilipokelewa kwa hasira kubwa YouTube; mamilioni waliweka alama ya kutoipenda. Watu walikuwa wamechoka na vita vya anga za juu na silaha za kesho. Battlefield 1 ilipotangazwa siku chache baadaye na mahandaki yake ya 1914 hadi 1918, ilishangiliwa. Aliyeketi EA akitazama hayo angeweza kuamini kwamba mfalme amezeeka na mwaka wa kumwangusha umefika.

Kilichosahaulika ni kwamba Titanfall 2 nayo ilikuwa mchezo wa anga na silaha za kesho. Uchovu ule ule ungeweza kuiangukia. Tena mwenye PlayStation alikuwa anaombwa anunue sehemu ya pili ya kitu ambacho sehemu yake ya kwanza hakuwahi kuiona. Yule wa Xbox, aliyeicheza ya kwanza, alipewa jaribio la intaneti mwezi Agosti, na wengi walinung'unika kwamba mambo waliyoyapenda yamebadilishwa. Respawn ikasikiliza, ikarekebisha, lakini jaribio la kwanza ndilo lililobaki midomoni. Kalenda mbaya haikufanya kazi peke yake, ilikuta mahali palipokwisha kulainika.

Mwisho wa mwaka mizani ilisomaje? Call of Duty: Infinite Warfare, pamoja na kuzomewa kote, ndiyo iliyouzwa zaidi Marekani mwaka 2016. Battlefield 1 ikawa ya pili. Titanfall 2, iliyobanwa katikati, ikaanza kupunguzwa bei madukani kabla ya mwezi wa Novemba kwisha. Mapema mwaka 2017 EA ilikubali mbele ya wawekezaji kwamba mauzo hayakufikia matarajio.

Wiki ya kwanza ina uzito gani hasa? Kitabu kizuri kinaweza kulala dukani miaka 2 kisha kikapata wasomaji. Kwa nini mchezo usisubiri vivyo hivyo? Jibu lipo parkingini, pale magari ya kwenda Likasi na Lubumbashi yanapojaza abiria. Basi haliondoki mpaka lijae. Abiria anayefika anatazama madirisha: basi lenye watu 15 na basi lenye watu 3, yote mapya, yote yanakwenda mji mmoja. Anapanda lipi? Anapanda lenye 15, kwa sababu litaondoka mapema. Na kupanda kwake kunalifanya lile la watu 3 liwe baya zaidi, hata kama kiti chake ni laini na dereva wake ndiye hodari kuliko wote.

Mchezo wa intaneti ni basi hilo. Mchezaji anabonyeza, mashine inatafuta wenzake wa kupambana naye. Wakiwepo wengi, pambano linaanza mara moja, na wanaokutana wanalingana uwezo. Wakiwa wachache anasubiri, na anapopata wapinzani anakutana na mabingwa wanaomfyeka kila dakika. Anazima, anarudi Battlefield walipo rafiki zake. Rafiki ndio mizizi ya jambo hili. Mtu hanunui mchezo wa aina hii peke yake. Wananunua wanne, watano, kundi zima, na kundi likishatoa dola zao tarehe 21 halitoi nyingine tarehe 28. Respawn ilijaribu kuwavuta kwa ukarimu. Ramani zote mpya zilizofuata zilitolewa bure, wakati wenzao walikuwa wakiuza nyongeza kwa tiketi ya msimu. Wachezaji walishukuru. Lakini bure ya aliye ndani ya basi haimpandishi aliye nje.

Kila mji una wakati wake wa kununua. Kolwezi ina Septemba, shule zinapofunguliwa na mashati meupe yanatafutwa kila duka. Ina tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, na kitenge cha siku hiyo, au kikwembe kama wengi wanavyokiita Katanga. Fundi anayekishona vizuri kuliko wote akakimaliza tarehe 9 amemaliza nguo ya kawaida. Na biashara ya michezo ina Oktoba hadi Desemba, kwa sababu ya Krismasi na punguzo la Novemba huko Marekani. Kila kampuni inataka kuwa ndani ya dirisha hilo, kwa hiyo dirisha lenyewe linajaa mpaka linakaba. Sehemu ya kwanza iliyotoka Machi ilikuwa nje ya dirisha, ikapumua.

Turudi nyumbani Lualaba sasa, kama ilivyoahidiwa.

Uhusiano wa kwanza upo mkononi kabisa. Maneti ya PlayStation 4 haina waya. Ndani yake kuna betri ya lithiamu, na betri ndogo za aina hiyo, kama za simu, kwa kawaida hutumia kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na sehemu kubwa ya hiyo inatoka mkoa huu. Lakini kinachofanana zaidi na Ijumaa tatu za EA ni kisa cha mgodi wa Kisanfu.

Kampuni ya CMOC ya China iliingia mgodi wa Tenke Fungurume mwaka 2016, mwaka uleule wa Titanfall 2, kwa kununua hisa zilizokuwa za Freeport-McMoRan ya Marekani. Tenke Fungurume ndiyo sehemu yao ya kwanza. Mwishoni mwa 2020 wakanunua sehemu ya pili kutoka kwa muuzaji huyohuyo: Kisanfu, kati ya Kolwezi na Fungurume, kwa dola milioni 550. Kijiolojia Kisanfu ni johari. Madini yake ni miongoni mwa yenye kobalti nyingi zaidi duniani. CMOC ilijenga kiwanda kwa kasi, na wakati ikijenga bei ilikuwa inapanda. Mwaka 2022 tani moja ya kobalti ilizidi dola 80,000. Kila mtu wa Kolwezi anaukumbuka mwaka huo, hata yule asiyejua kusoma mizani.

Kisanfu ilianza kutoa mali mwaka 2023. Wakati huo bei ilikuwa imeshaporomoka chini ya nusu. Na nini kingine kilitokea 2023? Kuanzia Julai 2022 mali ya Tenke Fungurume ilikuwa imezuiwa kutoka nchini, kwa sababu ya ugomvi na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, juu ya malipo ya mrahaba, ikawa inarundikana ghalani. Aprili 2023 wakapatana. Rundo likaanza kusafirishwa, huku upanuzi wa Tenke Fungurume wenyewe nao ukiingia kazini mwaka huohuo. Kwa hiyo mali ya ndugu wa kwanza iliyokaa miezi mingi na mali mpya ya ndugu wa pili ziliingia barabarani pamoja, kuelekea kwa wanunuzi walewale. Battlefield na Titanfall, ila kwa malori.

CMOC ikaipita kampuni ya Glencore na kuwa mzalishaji mkubwa wa kobalti duniani. Mwaka 2023 ilizalisha zaidi ya tani 55,000, na mwaka 2024 karibu tani 114,000. Wakati huohuo viwanda vya magari vya China vilikuwa vinazidi kupenda betri za chuma na fosfeti, ambazo hazina kobalti hata punje. Hapo unaona mambo mawili yaliyoipata Titanfall 2 yakirudi: bidhaa zimejaa mno kwa wakati mmoja, na ladha ya mnunuzi nayo inageuka. Mapema mwaka 2025 tani ilifika dola 21,000 hivi.

Mchimbaji wa mkono aliihisi namna gani? Aliihisi kwenye depo za Musompo, pale kiroba kinapofunguliwa na mashine wanayoiita Metorex kusoma asilimia. Asilimia ilikuwa ileile ya mwaka 2022, jiwe halikuharibika. Bei iliyoandikwa ukutani ndiyo iliyobadilika. Jiwe zuri, siku mbaya.

Ulinganisho huu una mipaka, na ni vizuri kuitaja kabla msikilizaji hajaitaja mwenyewe. Kobalti ya Kisanfu inatoka pamoja na shaba, na shaba ilikuwa na bei nzuri. Mgodi haukuumia kama mchezo ulivyoumia, na ndiyo maana haukupunguza mwendo. Glencore iliposimamisha mgodi wake wa Mutanda mwezi Novemba 2019, baada ya anguko la bei lililotangulia, kazi zilisimama kwa miaka miwili hivi. CMOC haikufanya hivyo. Tena kobalti inaweza kuwekwa ghalani ikangoja, lakini wiki ya kwanza ya mchezo haiwekwi ghalani. Na bei ya kobalti hupangwa mbali na Kolwezi, wakati tarehe ya mchezo ilipangwa na wenyewe, kwa kalamu yao, mezani kwao.

Tofauti kubwa zaidi ni ile iliyokuja baadaye. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kongo, kupitia mamlaka ya ARECOMS, ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwa miezi 4, kisha ikaongeza miezi 3, na kuanzia tarehe 16 Oktoba 2025 ikaweka mgawo: kila mzalishaji na kiasi chake, jumla tani 96,600 kwa mwaka 2026. Bei ikapanda zaidi ya maradufu kutoka pale ilipoangukia. Hatua hiyo ina wakosoaji wake, na wapo wachimbaji na madereva waliokaa bila kazi miezi hiyo yote. Lakini kwa upande wa kalenda, ni baba mwenye nyumba aliyesimama mlangoni akasema: wewe leo, wewe kesho, na wewe kiroba kimoja tu. EA ilikuwa na mamlaka hiyo juu ya Battlefield na Titanfall. Haikuitumia.

Tumalizie mchezo wenyewe, maana kisa chake hakikuishia kwenye punguzo la Novemba.

Novemba 2017, mwaka mmoja baada ya zile Ijumaa tatu, EA iliinunua Respawn. Fedha taslimu zilikuwa dola milioni 151, na pamoja na hisa na marupurupu ya baadaye dau zima lingeweza kufika karibu dola milioni 455. Yaani kampuni ililipa fedha nyingi kupata watu ambao mchezo wao ulikuwa umeuzwa chini ya matarajio. Ubora uliokuwa umekosa wanunuzi madukani ulikuwa umeonwa na mhasibu. Mtoto wa kulea akaandikwa jina la ukoo.

Ndani ya Respawn sehemu ya tatu ilianza kufanyiwa kazi, kisha ikawekwa kando. Badala yake, katika dunia ileile ya Titanfall lakini bila majitu yale ya chuma, ukatengenezwa mchezo wa Apex Legends. Na ulitokaje? Jumatatu, tarehe 4 Februari 2019, ulitangazwa na kutolewa siku hiyohiyo, bila miezi ya matangazo, na bila bei: bure kabisa, mapato yakitoka kwenye mapambo yanayouzwa ndani ya mchezo. Februari, mwezi mtulivu tena, kama ule wa Machi 2014. Watu milioni 25 waliucheza katika wiki ya kwanza, na milioni 50 ndani ya mwezi wa kwanza. Basi lilijaa siku moja.

Baadhi ya abiria hao walitaka kujua lilikotoka basi. Wakarudi nyuma kutafuta Titanfall 2, ambayo sasa ilikuwa inauzwa kwa dola chache. Juni 2020 ikawekwa kwenye duka la Steam, na kundi jingine likaingia. Walioinunua wakati huo hawakuwa wanachagua kati yake na Battlefield. Walikuwa wanachagua kati yake na chakula cha mchana. Wakaikuta hatua ya kiwanda cha nyumba, wakaikuta Tokeo na Sababu, wakaulizana walikuwa wapi mwaka 2016. Jibu linajulikana: walikuwa kwenye mahandaki ya Battlefield 1, au walikuwa wanasubiri Novemba 4.

Mwishoni mwa hadithi jitu BT linajitoa mhanga na kumrusha Cooper mahali salama. Majina ya waliotengeneza mchezo yanapita yote kwenye kioo. Anayeyavumilia mpaka la mwisho anaonyeshwa kofia ya rubani. Ndani yake taa zinawakawaka kwa mpangilio. Wachezaji wenye subira waliufumbua: ni neno moja, jina la Jack, likiwa na alama ya kuuliza. Mlango wa sehemu ya tatu uliachwa wazi hapo mwaka 2016, na sehemu ya tatu haijatoka.